Vinofu Viwili vya Mgongoni

Jumanne, 5 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, mikono tu imechubuka kwa sabuni. Jumapili Mpishi Mkuu wa hoteli ananijaribu kukata kuku wa kuoka mbele ya wageni, mezani kabisa! Nikiweza, naagana na masufuria machafu. Nikishindwa, nabaki kuosha vyombo. Nikumbushe namna ya kukata, Mama.

Mwanao

Ijumaa, 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanung'unika lakini linatembea. Yaani unaogopa kuku? Kuku aliyekwisha kuokwa hana pa kukimbilia! Mwache apumzike kwanza, ukimkata na moto wake maji yote yataishia kwenye sinia. Anza na mapaja: vuta, tafuta kiungo, pitisha kisu hapo. Kisu kikigoma, umekosea njia. Usishindane na mfupa. Kidari kitoe kizima. Na mifupa usithubutu kuitupa. Utawaweza hao.

Mama yako

Jumatatu, 11 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeumbuka! Nilikata vizuri, wageni wananitazama. Kisha nikamgeuza kuku, nikachokoa vile vinofu viwili vya mgongoni kwa kidole gumba, nikavitia mdomoni. Si ndivyo tufanyavyo nyumbani, mkataji anakula vyake kabla ya wote? Mkono ulikwenda wenyewe, Mama! Mpishi Mkuu akanishika kiwiko hadi jikoni: "Wewe na meza basi."

Nimelia, sikufichi. Ila nilipoona wanatupa mifupa, nikaiokoa, nikaibandika jikoni na kitunguu na karoti.

Mwanao

Ijumaa, 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza kulikoni. Futa machozi, hukuiba, ulikula haki yako. Ukiipika tena hiyo supu, ipike kwa moto mdogo, toa povu, chumvi mwisho. Wakionja watanyamaza.

Mama yako

Jumapili, 7 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, sina hata nafasi ya kujikuna. Ile supu wafanyakazi waliimaliza wamesimama. Mpishi Mkuu akaonja, akaongeza bakuli, wiki iliyofuata akawapelekea wageni. Sasa napika masufuria matatu kwa siku, na nyama iliyoganda kwenye mifupa naichambua, naiponda na viazi. Haibaki.

Jana akanijia mwenyewe: "Rudi mezani, yameisha yale."

Nikamwambia, "Asante, bosi, lakini supu atapika nani?"

Akaangaza macho jikoni kote, asimwone mtu. Nikamwambia atafute mkataji mwingine, mimi nataka msaidizi.

Msaidizi wangu anaanza kesho.

Mwanao