Siku Mama Yako Alipoingia Kwaya

Mjukuu wangu Neema,

Kutoka Mombo mpaka Kwamsisi hakuna mwanamume mwenye akili kunizidi, na darasa la nne sikulimaliza. Huku Kerenge hatujambo, mahindi yamebeba. Bibi yako kaenda kwaya, ndiyo maana najibu mimi. Unamuuliza alipata wapi furaha ya kulea, maana mwanao analia na wewe umechoka. Maswali gani haya ya kumtesa mzee!

Mama yako Rehema, alipokuwa mchanga, alilia kama king'ora. Nikamwambia bibi yako kulea ni kazi nyepesi, ila yeye haijui. Akanijibu, "Haya, fundi. Jumapili baki naye."

Nikabaki. Nikabembeleza, nikaimba, nikatisha, wapi! Nikambeba hadi kanisani, nikapita katikati ya ibada, nikamkabidhi mama yake palepale kwenye kwaya. Akamfunga mgongoni bila kuacha kuimba. Mtoto bado analia, na bibi yako anatabasamu! Nilikasirika mno.

Tulipotoka nikamuuliza, "Ulikuwa unacheka nini?"

"Nimemwambia Mungu nimechoka, baba Rehema. Yeye hanibishii. Nikishasema, namwona tena mtoto kuwa ni zawadi."

Basi mwambie Mungu na wewe. Na mumeo msomee barua hii, maana siku ile kuna jambo nilikosea kweli: niliposikia mke wangu amechoka, nilifurahi kwamba Mungu anamsaidia, nikaenda zangu kujilaza.

Babu yako