Wazee wa Ubaoni, Gredi ya Nne

Jumatatu, 19 Mei

Maswali matano ubaoni kabla ya kengele, kama kila siku tangu shule ifunguliwe. Moja la Ijumaa. Moja la wiki iliyopita. Mawili ya muhula wa kwanza. La mwisho la gredi ya tatu, ambalo wote wanaapa hawajawahi kuliona. Wameyapa jina: wazee. Nikishika chaki tu, "Wazee wamekuja!" Dieumerci, Mkongo wangu asiyejua kunyamaza, aliuliza, "Mwalimu, ile tulishaimaliza. Juu ya nini unairudisha?" Nikamwambia ajibu kwanza. Akashindwa. Darasa likacheka, yeye akacheka kuliko wote.

Watoto themanini na mmoja. Wazee wakiisha nafundisha dakika kumi tu, kisha wanagawanyika: kona ya vizibo vya soda, kona ya kupima kwa kamba, kona ya kadi. Mimi nakaa mkekani na sita. Kesho sita wengine. Ndivyo tulivyofundishwa kwenye mafunzo ya likizo kule Lodwar. Darasa la kwenye video ya mkufunzi lilikuwa na watoto ishirini na feni. Sijali.

Sauti imekauka. Nina furaha.

Jumanne, 20 Mei

Mwalimu Wanjala wa 4A yuko sura ya saba. Mimi sura ya tano. Amelitaja mara mbili wakati wa chai, kwa upole. Upole wake unaniudhi zaidi. Nina wivu. Siwezi kulisema hilo mbele ya walimu, basi liko hapa.

Ijumaa, 23 Mei

Mama yake Hodan amekuja. Hodan ana miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko wote darasani, hukaa nyuma na hasemi. Mama anashona nguo hapa Kakuma mjini, na cherehani ya pili haina mtu. Hakugomba. Alikaa kwenye kiti changu, akashusha pumzi, akasema, "Mwalimu, huyu mtoto mkubwa. Miaka mitatu iko shule, hesabu hapana jua. Idd ikipita, mimi nachukua yeye."

Nikasema nipe muda. Akasema Idd ni muda.

Daftari la Hodan limejaa mikasi nyekundu ya kukosa, mingine ya mkono wangu.

Jumatatu, 26 Mei

Leo zamu ya Hodan mkekani. Nikampa hamsini na mbili toa thelathini na nane. Akaandika ishirini na sita. Nyingine. Kosa lile lile. Nyingine. Lile lile. Nikamwomba afanye polepole, kwa sauti. Akanong'ona: mbili na nane, nane ni kubwa, basi nane toa mbili.

Kumbe! Kila safari anatoa ndogo kwenye kubwa, haijalishi ipi iko juu. Hajui kwamba kumi linaweza kufunguliwa. Kwa miaka mitatu amekosea kosa moja tu, na sisi tumechora mikasi bila kukaa naye kando kwa dakika tano. Niliona aibu. Naiona mpaka sasa.

Nikatoa vijiti, kumi kumi vimefungwa kwa raba. Mafungu matano na viwili. "Nipe vinane." Akaangalia vile viwili. Akaniangalia. Kisha akachukua fungu moja, akavuta raba, vijiti vikamwagika mkekani.

"Kumbe unafungua," akasema.

Kwa Kiswahili, sauti ya kusikika. Ekal, aliyekaa kando yake, akapiga makofi bila kujua anapigia nini.

Jumatano, 28 Mei

Hodan amesahau. Ishirini na sita tena. Halafu nikakumbuka ndiyo maana ya wazee. Kesho nitalirudisha swali lake. Na keshokutwa.

Alhamisi, 29 Mei

Siku mbaya. Upepo wa vumbi ulianza saa nne, tukiwa katikati ya kona. Dirisha halina kioo. Kadi zote zikaruka, nyingine zikaingia 4A, na nusu ya darasa langu ikazifuata kwa vifijo kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Vizibo chini. Kamba shingoni mwa Dieumerci. Hapo ndipo Mwalimu Mkuu, Bwana Ekidor, alipochungulia mlangoni.

"Mwalimu Akiru. Hili ni darasa ama ni soko la mifugo?"

Ofisini akanisemesha Kiingereza. Akifika kwenye Kiingereza ujue ameudhika. Silabasi iko nyuma. Kelele. Wenzangu wamelalamika. Nikamweleza habari ya Hodan na vijiti. Akasikiliza, hilo nampa. Akasema gredi ya nne zote mbili zitafanya mtihani mmoja kabla ya mapumziko ya katikati ya muhula. 4B yangu ikiachwa nyuma, mikeka inakunjwa, narudi ubaoni kama watu wengine.

Nimekula ugali bila kuusikia. Ninaogopa.

Ijumaa, 30 Mei

Wanne kati ya wazee watano leo walikuwa wa kutoa. Hodan amepata watatu.

Kadi sasa zina mawe juu. Mawe hatuna uhaba.

Jumanne, 3 Juni

Jaribu kubwa: niache mkeka, nikimbize sura mpaka siku ya mtihani. Jana nilifanya hivyo kweli. Sura ya sita yote kwa kipindi kimoja, nikiandika, wakinakili. Kimya kizuri. Mwalimu Mkuu akapita nje akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Leo nikauliza swali moja la jana. Mikono mitatu juu kati ya watoto themanini na mmoja.

Basi. Sirudii.

Jumatatu, 9 Juni

Idd imepita. Nilisimama mlangoni kabla ya kengele nikijifanya naangalia mawingu, na hapa mawingu hakuna. Hodan amekuja. Ameleta halua kwenye karatasi, vipande vidogo sana ili viwafikie wengi. Sikuuliza kuhusu mama. Nilikosa ujasiri.

Wazee: Hodan amepata wanne kati ya watano. Za kutoa zote sahihi. Anaanza kuwaonyesha wenzake kabla hawajaniita mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Hodan amekuja, saa tano, mfuko mkononi. Wa kubebea vitabu vya Hodan, nikajua. Nilikuwa mkekani na sita, siwezi kuinuka, nikampungia mkono angoje.

Akangoja mlangoni. Kwenye kona mpya ya vijiti Hodan alikuwa amezungukwa. Alimweleza Ekal kwa Kiturkana cha kuokoteza, mtoto mmoja kwa Kisomali, na Dieumerci kwa Kiswahili, maana Dieumerci alikuwa anabisha. "Wewe hapana toa hiyo! Fungua kwanza!" Dieumerci akafungua. Akahesabu. Akanyamaza. Sijawahi kumwona Dieumerci amenyamaza.

Mama hakuja mkekani. Alisimama pale pale mpaka kengele ya mapumziko. Kisha akanifuata, ushungi umefunika mdomo, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mimi nilikuja kuchukua yeye," akasema. "Sasa nikichukua, hii watoto nani atafundisha?"

Akaukunja mfuko, akautia kwapani. Cherehani itamngoja Hodan jioni, akasema, na Jumamosi. Nikasema sawa, asante. Nilitaka kusema mengi. Nikasema asante mara ya pili.

Nilienda chooni nikalia kidogo. Machozi mazuri.

Jumatano, 18 Juni

Mtihani. Mwalimu Wanjala alisimamia kwangu, mimi kwake. Maswali matano ya mwisho yanatoka sura ya nane. Sisi hatujaigusa. Watoto wangu watakuwa wameyaangalia kama maandishi ya ukutani ya nchi nyingine.



Ijumaa, 20 Juni

Matokeo. Sura ya nane, tumeanguka vibaya, kama nilivyojua. Lakini maswali ya muhula wa kwanza na ya gredi ya tatu 4B imeyamaliza, na 4A imeyasahau. Ukijumlisha yote, madarasa mawili yako karibu sawa. Tumewazidi kidogo tu. Hodan hayumo kwenye kumi bora. Yumo katikati. Katikati! Januari alikuwa wa mwisho.

Mwalimu Mkuu aliipitia karatasi ya matokeo. Kwa Kiswahili akasema, "Kelele hizo, ziwe za hesabu." Na sura ya nane iishe kabla ya Julai kumalizika. Amesema haki. Nitaimaliza.

Baadaye Wanjala akaja dawatini kwangu, akijikuna shingo. "Hao wazee wako, unawaandika wapi? Nipe daftari ninakili." Nikampa. Nikamwomba anionyeshe anavyofundisha sehemu ya sura ya nane inayonitatiza. Akakaa nusu saa. Anafundisha vizuri. Nilikuwa sitaki kulijua hilo.

Jumamosi, 28 Juni

Lodwar, mapumziko. Kwa dada, mtaa wa Nawoitorong. Nimelala mpaka jua limepanda. Nimefua nguo, za kwanza zimekauka kabla sijamaliza kuanika za mwisho. Tumekula samaki kibarazani, yeye na mimi tu, watoto wake wameenda kwa bibi yao.

Akaniuliza kazi inaendaje. Nikasema nzuri. Akaendelea kutoa miiba, nami pia. Mwaka jana niliwahi kumjibu hivyo hivyo, nikidanganya.

Joto limepungua. Naweka kalamu.