Kaburi la Wafula, Mombasa

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Tongaren tuko salama. Mahindi yamekauka vizuri, na mama yako anakusalimu. Umeuliza kama nimewahi kuiona Fort Jesus. Niliiona mara moja, nikiwa msichana.

Kaka yangu Wafula alikuwa kuli bandarini huko Mombasa uliko. Tuliposikia amefariki, mimi na baba tulienda kumleta nyumbani. Tukakuta ameshazikwa. Rafiki yake alitupeleka makaburini, akanyoosha mkono tu.

“Ni upande huu, mzee. Hawakuweka alama.”

Baba alitaka kuiona ngome hiyo ya Fort Jesus ambayo Wafula alizoea kutusimulia, kwa hivyo tukapitia huko. Ndani, mtu alikuwa akiwaonyesha wageni michoro ambayo mabaharia Wareno walichora ukutani zamani. Akawaonya wasiiguse.

Baba akasema, “Hawa walikuja na mizinga, na hata michoro yao inalindwa. Mtoto wangu alikuja kubeba mizigo.”

Siku hiyo hiyo tukaanza safari ya kurudi nyumbani.

Mji huo ni mzuri, sikukatazi kuutembea. Lakini Jumapili moja ingia makaburini, umsalimie babu yako Wafula kwa Kibukusu. Simama popote, mama. Hata mimi sijui yuko wapi.

Ni mimi, kukhu wako.