Mume Aliyetaka Nyimbo Bila Kaburi

Kwamboka, mke wangu mdogo,

Usione haya nikikuita hivyo mbele ya malaika. Wakiuliza, waambie kwetu babu humwita mjukuu mke wake na hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa hilo. Tena mimi si hata babu yako kamili, ni mdogo wake babu yako tu, ingawa uliniita sokoro, babu, kama yeye. Lakini siku uliyozaliwa nilisema huyu ni wangu, na ulipoota meno ukanijibu kwamba huolewi na mzee asiyeweza kutafuna hindi. Sasa umeniacha mjane, na hindi bado silitafuni.

Nakuandikia kwa kalamu niliyoazima kwa karani wa kanisa. Ananitazama kama mtu atakayeondoka nayo. Simlaumu. Tangu uende, hapa kila mtu anamtazama mwenzake hivyo.

Habari ya kwanza: wimbo wako uko kila mahali. Mosocho siku ya soko, muuza mitumba anaupiga. Vijana wa boda wanaupiga. Juzi mgombea alipita hapa Keumbu na lori lenye spika kubwa kama choo, na wewe ndani unaimba, eti tumpigie kura. Wewe ambaye hukuwahi hata kujiandikisha! Nikamuuliza yule kijana wa lori ni nani aliyewapa ruhusa. Akasema, "Mzee, marehemu ni wetu sisi sote." Sawa. Marehemu ni wa wote, lakini jiko lililokuwa likivuja lilikuwa la mama yako peke yake.

Unakumbuka ule wimbo ulivyozaliwa? Ulikuwa umetoka kwaya ya Sabato, mzee wa kanisa akalalamika kwamba sauti yako ina dunia ndani yake kama ugali wenye mchanga. Ukaenda kuimba kwenye hoteli pale Kisii mjini, kisha Nairobi, ukarudi na neno jipya, soul. Nikakwambia hiyo soul yako ni kulia kwa kufuata ngoma tu. Ukasema, "Sokoro, leta obokano yako tuone nani analia." Nikaileta ile zeze yangu kubwa, uzi mmoja umekatika, tukakaa jikoni kwa mama yako. Nikapiga, ukaimba. Mama yako alikuwa anamenya ndizi, akaziacha. Na Obed, meneja wako, amesimama mlangoni ameshika simu, ananasa kila kitu.

Nilikohoa katikati. Ule moshi. Ukasema kikohozi kisitolewe, ndicho kinachoonyesha kwamba watu walikuwa hai. Basi popote wimbo unapopigwa, mimi nakohoa. Nimekohoa mpaka kwenye redio.

Watu walidhani una pesa. Hata mimi, mpaka ile Krismasi uliposhuka kwenye gari la Obed na miwani myeusi, jioni ukanivuta kwenye migomba ukaniomba nikukopeshe nauli ya kurudi. Nilicheka, nikadhani ni utani wetu. Hukucheka. Nikauliza pesa za nyimbo zinakwenda wapi. "Ziko kwa Obed, ananitunzia." Nikasema hata fisi hutunza mbuzi. Ulininunia mpaka uji wa asubuhi.

Halafu ile homa ya mapafu. Sitaki kuiandika.

Nataka kukwambia ya Obed, maana hukuwepo. Yaani ulikuwepo, kwenye jeneza, lakini hukusema kitu, na haikuwa desturi yako.

Alikuja kabla ya mazishi na ng'ombe kwenye lori. Suti nyeusi, kitambaa machoni. Akasema mlikuwa mnaishi Nairobi kama mume na mke, amekuja kutimiza wajibu. Unajua desturi yetu: mwanamume aliyekaa na binti ya watu bila mahari, binti akifa hamgusi mpaka ng'ombe waingie. Mama yako akasema hukumwambia kitu kama hicho. Lakini baba yako hayupo, wazee wakaniangalia mimi. Nikasema haya, tuketi tuzungumze mahari.

Kwamboka, mimi nimeketi kwenye mahari nyingi. Mwoaji hulia njaa. Husema ndama wake amevunjika mguu, husema shangazi yake ni mgonjwa. Huyu nilimtajia ng'ombe, akasema sawa. Nikaongeza, sawa. Nikasema na blanketi la bibi, na koti langu, na baiskeli. Sikuwahi kuwa na haki ya baiskeli. "Sawa, mzee wangu." Hapo nikaacha kutaja. Mtu asiyebishana bei ananunua kitu ambacho wewe hujui kama unakiuza.

Kisha akatoa lake: chifu aandike leo hii kwamba ndoa imekamilika. Mama yako akanishika mkono wa shati. Alielewa kabla yangu. Mume akiandikwa, nyimbo ni za mume. Mama atabaki na picha ukutani.

Nikamkumbatia Obed. "Mkwe, hongera! Basi kesho asubuhi tunakuletea mke wako kwenu Nyamira. Waambie waanze kuchimba."

Akasema, "Hapana, mzee wangu. Hakuna haja. Apumzike hapa hapa, karibu na mama yake."

Hata ng'ombe waliacha kucheua. Wewe unajua, ng'ombe wakiingia, mwili unatoka. Mwenye ng'ombe ndiye mwenye kaburi. Nimeona watu wakipigania maiti mpaka jeneza likaanguka kwenye tope. Sijaona aliyelipa ng'ombe akaacha maiti. Shangazi yako akanong'ona, kule kunong'ona kwake kunakosikika barabarani, "Huyu anataka maziwa, ng'ombe abaki kwetu."

"Kama shida ni kuchimba," nikamwambia, "vijana wetu watakuja na majembe."

Akaanza habari za barabara mbaya. Nyamira! Ambako naenda kwa miguu nikikasirika. Ndipo mama yako akasimama. Tangu ufe hakuwa amepaza sauti. Akasema, "Mpigie mama yako simu. Hapa hapa, nisikie. Mwambie mke wako anakuja."

Alishika ile simu kama kiazi cha moto. Akaangalia jeneza, akaangalia lango. Dereva wa lori, mtu wa kwao, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Atazikwaje kule," akasema, "na mke wake wa nyumba yupo, na watoto?"

Kumbe.

Ng'ombe walipandishwa tena lorini, wao tu ndio walioondoka na heshima. Walichotuachia ni mavi. Nimeyatia kwenye migomba iliyo kando yako, imenawiri kuliko ya jirani.

Tulikuzika upande wa jikoni. Wazee wengine walitaka binti asiyeolewa akae huko nje ya ua. Mama yako akasema anayetaka kukupeleka nje ampitie yeye kwanza. Hakuna aliyempitia.

Sasa yeye ndiye mrithi, wakili wa Kisii mjini ameshughulikia. Pesa zimeanza kuja. Amenunua mabati, jiko halivuji tena. Lakini mimi nazishuku hizo pesa. Ni chache mno kwa wimbo unaobebwa na lori. Wakili namshuku pia, anacheka sana. Na hata wewe, mke wangu, nina shaka nawe kidogo.

Ulimpenda? Kwenye wimbo kuna mahali sauti inakatika, karibu na mwisho, kama mtu aliyetaka kutaja jina akalimeza. Watu wanasema ni ufundi. Mimi nilikuwa nimeketi pale, vidole kwenye nyuzi, na nilikuona ukiangalia mlangoni. Kama ulimpenda, basi nimekufukuzia mume mbele za watu, nawe hukuweza kunitetea wala kunitukana. Hilo linanikohoza kuliko moshi. Mama yako nilimuuliza, akaendelea kumenya ndizi.

Lakini angekupenda, angetaka kaburi. Mengine yote angeweza kudanganya.

Sasa lala, Kwamboka. Karani anataka kalamu yake. Ahadi yangu ni hii: kila lori likipita nitasikiliza mpaka katikati. Siku nikiusikia wimbo bila kikohozi changu, nitajua kuna mtu ameukata akauuza kwa mlango wa nyuma, na nitatembea mpaka Nyamira kumwamkia mke wa Obed.

Na Ijumaa, kabla ya Sabato, nakuja na jembe. Mumeo wa kwanza hakutoa hata kuku, lakini kaburi analo, na anapalilia mwenyewe.

Sokoro wako