Kitanda cha Mninga

Mpenzi Noela,

Hili kwa simu limenishinda. Kila asubuhi mama yako alikuwa akipita hapa karakana, Keko, ananiuliza, "Baba, ndege za kutoka China bado hazijaruhusiwa?" Mie namwamkia, namwambia wiki ijayo. Kitanda chetu cha harusi, cha mninga, hakukitazama hata mara moja. Si unajua haya za ukwe.

Juzi kifua kilimbana, na jioni hatukuwa naye tena. Watu wa afya wakasema ni hiyohiyo korona, azikwe upesi, asingojwe mtu. Mbao kavu nyingine sikuwa nazo. Nikakivunja kitanda, nikamtengenezea jeneza. Kile alichoona haya kukitazama, ndimo alimolala.

Ndege zikiruhusiwa, usihangaike kuwahi. Hakuna tena anayeniuliza.

Fundi wako,
Gervas