Sufuria Yangu ya Nguruwe Katika Hitma ya Jirani

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Joto la Ilala halijapungua hata baada ya jua kushuka. Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Nieleze jambo hili kwa utaratibu.

Kila mwisho wa mwezi hununua bega la nguruwe, kilo tatu pamoja na mfupa wake. Hulipaka chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, nikalilaza usiku mmoja. Kesho yake hulikaanga upande wa ngozi hadi libadilike rangi, kisha nikatia maji kidogo, nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Baada ya saa tatu nyama huachana na mfupa yenyewe, bila kulazimishwa.

Bega lina fadhila ambayo nyama nyingine haina: kiporo chake hulishinda lenyewe. Siku ya pili huichambua nyama na kuikaanga na vitunguu na pilipili hoho katika mafuta yake yenyewe. Siku ya tatu mfupa huingia katika ndizi mbichi. Ngozi iliyobaki humalizikia katika maharage. Mimi huandikia watu barua za malalamiko kwenye meza ya barazani, na kwa kipato hicho, bega moja linalonilisha siku nne si anasa bali ni busara.

Nyumba ninayopanga ni ya Bi. Mwanahawa, mama wa Kiislamu mwenye heshima zake anayeishi nyumba ya pili. Miaka tisa iliyopita marehemu mumewe aliniruhusu kupika kitoweo hicho kwa masharti: jiko langu, kisu changu, sufuria yangu, kikaango changu, beseni langu la kuoshea, na vyote vikae nyuma ya nyumba, mbali na vyombo vya wengine. Sikuwahi kuvunja sharti hata moja. Ili asije mtu akakosea, niliipaka sufuria ile rangi nyekundu kwenye mikono yake yote miwili.

Leo asubuhi nilihamishia nyama ya jana kwenye bakuli, nikaiosha sufuria na kuining'iniza msumarini. Nikaenda Kariakoo kutafuta ndizi na hoho.

Niliporudi, msumari ulikuwa mtupu.

Mdogo wangu Titus, aliyekuja kutoka Mbeya wiki tatu zilizopita na ambaye nilimweleza masharti yote siku ya kwanza, alikuwa amelala kitandani akichezea simu.

"Sufuria iko wapi?"

"Wamekuja kina mama, kaka. Wanakusanya masufuria ya shughuli. Nikaona noma kuwaambia hatuna wakati wanaiona."

Shughuli yenyewe ilikuwa hitma ya kumrehemu mume wa Bi. Mwanahawa. Mtu yule yule aliyeniruhusu.

Hapo ndipo nilipoutambua ujinga wangu. Katika mitaa yetu, panapokuwa na shughuli, akina mama hupita nyumba hadi nyumba kuazima masufuria, na kila mwenye sufuria huipaka rangi yake ili irudi kwake. Rangi niliyoiweka kama onyo ilisomeka kama ruhusa. Miaka tisa nilijiona mwangalifu kumbe nilikuwa nimeandika mwaliko.

"Kausha tu, kaka," Titus akasema. "Nimeisugua tena kwa stili waya, inang'aa kuliko zao. Nani atajua?"

Ninakiri: nilikaa. Nilikaa kitandani kwa muda wa kutosha kulitafakari pendekezo lile, na hata nikaanza kutunga kichwani barua ya kuomba radhi ambayo ningeipeleka kesho, watu wakishakula. Sijapata kujichukia namna ile.

Nikanyanyuka nikaenda.

Chini ya turubai kando ya nyumba ya Bi. Mwanahawa, Bi. Tatu, mpishi wa shughuli zote za mtaa huu, alikuwa akigeuza vitunguu. Katika sufuria yangu. Bi. Mwanahawa alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele na wenzake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama kama polisi?"

Mwanamke mmoja akacheka. "Bwana Barua leo kaja mikono mitupu! Karatasi zimeisha dukani?"

"Bibi, hiyo sufuria yenye rangi nyekundu ni yangu. Ni ile ya nyuma ya nyumba."

Kicheko kikakatika. Mwiko wa Bi. Tatu ukasimama.

"Toba! Na nyama nusu nishaitia!"

Bi. Mwanahawa hakuinua sauti. "Mwageni."

Wakamwaga vitunguu, mafuta, viungo na nyama ya mbuzi aliyechinjwa alfajiri kwa ajili ya marehemu. Mwiko na upawa vikatengwa vioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama dini yao inavyoelekeza. Nikasema nitanunua vingine mara moja.

"Hapana," akasema. "Leo usininunulie kitu."

Nikaibeba sufuria yangu ingali ya moto, wanawake wakinipisha kwa kukusanya kanga zao.

Nyumbani nilimkuta Titus anakaanga kiporo kwenye kikaango changu. "Karibu, kaka. Leo kimekubali!"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alijibu kwamba ningenyamaza, watu wote wangekula kwa furaha na hakuna ambaye angeumia. Hilo ndilo linalonichoma hadi saa hii. Kwamba kijana tuliyezaliwa naye tumbo moja anadhani mtu haumii iwapo hajui alichofanyiwa.

Kisha nikala. Nilikuwa na njaa, na kilikuwa kitamu, na hasira yangu ikaongezeka.

Hitma imesomwa. Nimesikia dua, nimesikia watu wakiagana. Kila mwaka, watu wakishatawanyika, Bi. Mwanahawa huniletea sahani ya pilau iliyofunikwa kawa.

Leo haikuja. Sina haki ya kuidai.

Kesho asubuhi nitakwenda kwake, na Titus atatangulia. Atasema kwa kinywa chake kwamba aliyajua masharti na akaitoa sufuria. Mimi nitasema kwamba niliketi kitandani kabla ya kuja. Hilo hajaambiwa na mtu.

Na akisema tuhame, nitamkasirikia nani?