Kwa Kaka Ipyana, Uliyezindua Mashine Kabla Haijawa Mashine

Kaka Ipyana,

Shikamoo. Hiyo ni ya umri wako, naitoa kama mama alivyonifundisha. Heshima ya kazi yako ni jambo jingine, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti. Unasema huko Dar es Salaam umempata mtu mwenye fedha aliyeipenda ile mashine yako ya kupukuchua mahindi, na unataka niende karakana ya Dada Scola kule Mbalizi nikambembeleze arudi kukufanyia kazi. "Wewe anakupenda, mdogo wangu. Ukimwambia wewe hatakataa." Halafu ukaongeza kwamba tarehe ya uzinduzi umeshaipanga. Hapo nilicheka. Mama akaniuliza nacheka nini.

Barua hii ni ya wazi kwa sababu ulichokifanya mwaka jana ulikifanya mbele ya mtaa mzima hapa Iyunga, ukiwa na spika na MC. Haifai nikujibu kwa kunong'ona.

Unakumbuka tulivyoifungua redio ya marehemu baba, mimi nikiwa darasa la tatu? Wewe ulishika bisibisi, mimi nikashika tochi. Kila kipande ulichokitoa ulikiinua karibu na macho ukakiuliza, "Na wewe unafanya nini humu ndani?" Redio haikupona. Lakini jioni ile nilijua kwamba nataka kuwa injinia, na nilidhani wewe ndiye utakayenitangulia. Sijui ni lini ulianza kuvaa suti ukaacha kuuliza.

Ulipomleta Dada Scola kutoka Iringa nilifurahi kuliko wote. Ulimtambulisha kwa mama ukisema, "Huyu ndiye injinia wangu." Mama akamsalimia "Kamwene" kwa Kihehe chake cha kubahatisha, Dada Scola akacheka, akaitikia, na tangu siku hiyo akawa mtu wa nyumbani. Wewe ulibaki na lile neno "wangu". Ulilitamka kama mtu anayeonyesha viatu vipya.

Mashine ilikuwa ya kina mama wa kikundi cha mama, au ndivyo ulivyotuambia. Unawajua. Huku kwetu mahindi mara nyingi hutoka shambani bado yana unyevu, na wao huyapukuchua kwa mikono mpaka vidole vinachubuka. Dada Scola aliomba jambo dogo tu: akakae nao siku chache aone wanavyofanya kazi, kabla hajachora chochote. Nilikuwepo. Ulimjibu, "Wale wamama watakuambia nini kuhusu mashine?" Kisha ukamwonyesha picha kwenye simu yako, mashine ya nchi za watu, ukasema unataka kama ile, nyekundu.

Kitu cha kwanza kufika karakana yako kilikuwa rangi. Chuma hakijaja, mota haijaja, makopo ya rangi nyekundu yamepangwa ukutani. Sijawahi kuona mtu akiinunulia rangi nyumba ambayo haina msingi, lakini wewe ni msomi wa biashara, huenda mlifundishwa hivyo.

Dada Scola alikuambia mapema kwamba ngoma ya ndani ingevunja punje mbichi na kwamba beringi ulizoleta ni ndogo.

"Scola, una imani ndogo," ukamwambia.

"Imani ninayo, kaka. Beringi ndiyo sina."

Kaka Masanja, fundi wako wa umeme, alicheka mpaka akaweka koleo chini. Hukupenda. Ukamwambia arudi Usangu kwa ng'ombe wa baba yake akacheke huko. Kijana yule amesoma umeme chuoni, na usiku wa mvua ndiye aliyekuja kutuwashia taa nyumbani ulipokosa la kufanya. Ulimtupia ng'ombe wa baba yake kama tusi. Mimi nilikuwa pembeni na madaftari yangu ya shule, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona aibu kuitwa mdogo wako.

Halafu ukampata mgeni rasmi. Kuanzia hapo mashine haikuwa na mwenyewe tena; kalenda ya mgeni rasmi ndiyo iliyokuwa bosi. Alipopata safari, ukaja karakana unatabasamu.

"Mheshimiwa anasafiri, kwa hiyo tumeivuta tarehe karibu. Sasa ni wiki hii, Jumamosi."

"Umesogeza tarehe, kaka," Dada Scola akasema. "Mashine bado iko palepale."

Ukamwambia hayo ni maneno ya watu wasiopenda maendeleo.

Jumamosi hiyo Dada Scola na Kaka Masanja waliwasili wakiwa hawajalala vizuri. Uliwapa kazi ya kupanga viti. Walipomaliza, ukawaelekeza wakae nyuma ya jenereta ili wasionekane kwenye picha na nguo zao za kazi. Katika hotuba ulimshukuru mwenye hema, ulimshukuru mpishi wa pilau, ulimshukuru MC ambaye alikuwa amechelewa, ulimshukuru na aliyeshona suti yako. Nilikuwa nasubiri majina mawili. Nilisubiri mpaka utepe ukakatwa.

Kina mama walikuwa wamekuja na mahindi yao wenyewe, yale aliyotaka kuyaona Dada Scola tangu mwanzo, ila sasa wamekuja nayo kama zawadi. Mgeni rasmi akatia mahindi mawili matatu, watu wakapiga vigelegele. Mama akamimina debe zima. Ngoma ikasaga punje zikawa kama pumba za kuku, ikakohoa, ikakwama, mkanda ukaanza kutoa moshi. Dada Scola alitoka nyuma ya jenereta, akawasogeza kina mama kwanza, ndipo akazima. Na wewe, kaka yangu, ukachukua kipaza sauti ukasema, "Ndugu zangu, mafundi wetu wametuangusha."

Nimekusamehe mengi. Hilo bado.

Wewe ulikwenda Dar es Salaam, wao wakahamia Mbalizi. Kila Jumamosi nikitoka masomo ya ziada huwa nakwenda kwao. Ningependa ungeona wanavyofanya kazi, ingawa ungechoka haraka, maana hakuna wa kukupigia makofi. Kina mama wanakaa palepale kwenye mabenchi, wanapukuchua kwa mashine mpya, wanalalamika. Juzi mmoja alisema, "Huu mkono wa kuzungushia unanigonga goti, au mmeutengenezea wanaume?" Kaka Masanja akasema ukihamishwa utakuwa mzito. Dada Scola akasema hapana. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemwambia mwenzake ana imani ndogo. Mashine yao ni ya kuzungusha kwa mkono, haina rangi yoyote, na mahindi yenye unyevu yanatoka mazima. Mimi nimeruhusiwa kuchora kifuniko chake. Mchoro wa kwanza ulikataliwa, nao wakanieleza kwa nini, nikarudia.

Mama ananisihi nikufanyie ulichoniomba. "Ni kaka yako, mwanangu. Tumbo moja." Kwa hiyo nilikwenda, lakini sikubembeleza. Niliwawekea ujumbe wako wakausikia kwa sauti yako mwenyewe. Dada Scola alisikiliza hadi mwisho akiwa anafuta mikono.

"Ameuliza ile ya kwanza ilikwama kwa nini?"

"Hapana, dada."

"Basi akitaka kuuliza hilo, anipigie mwenyewe," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nikimlilia, Dada Scola atakubali. Hilo nalijua, na wewe unalijua, ndiyo maana umenituma mimi. Atarudi kwa ajili yangu, nawe utamweka tena nyuma ya jenereta. Sitampeleka huko. Mama amenuna tangu nimwambie hivyo.

Namba yake unayo. Mpigie mwenyewe, bila tarehe yoyote mfukoni. Jina la Kaka Masanja ulitaje pia, na umwombe radhi kwanza yeye. Kisha nyamaza wakuambie. Sina hakika kama unaweza, lakini mtoto aliyeongea na vipande vya redio sidhani kama amekufa kabisa.

Mimi mwakani nikijaliwa nitasoma fizikia, kemia na hesabu, na baada ya hapo uhandisi. Huenda siku moja ukahitaji kitu kutoka kwangu. Ukija nitakupikia chai, kwa sababu wewe ni kaka yangu. Halafu nitalikataa jambo la kwanza utakaloniambia, nione utafanya nini.

Ubaki salama huko.

Mdogo wako wa pekee,
Iyunga